Kamera Mbili na Macho ya Rénovat

Apolline alikuja kupanga chumba kando ya duka langu la vitenge, hapa Misiera, ndani ya kambi ya Nakivale, mwaka ule mvua ilipobomoa nyumba nyingi za udongo. Alitundika shuka nyeupe ukutani, akaweka kiti kimoja cha plastiki mbele yake, akaandika mlangoni kwa rangi ya buluu: FOTO HAPA. Hiyo ndiyo ilikuwa studio yake. Mimi naitwa Marthe. Nimeuza vitenge hapa kambini miaka kumi na moja, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mabati tu, kwa hiyo hakuna kicheko wala kilio cha mwanamke yule ambacho sikukisikia.

Alikuwa mtu wa Baraka, mimi ni wa Uvira, kulekule Kongo. Mume wake, Rénovat, alilima mahindi na maharage kwenye kipande cha ardhi kilicho nyuma ya kilima, na siku za kazi nyingi, kama mkesha wa ubatizo au siku ya harusi, aliacha jembe akaja kumsaidia mkewe. Alishika kipande cha katoni alichokibandika karatasi ya kung'aa, akakigeuza huku na huku ili mwanga wa mlangoni uwaangukie wateja usoni. Watoto waliogoma kutulia aliwafanyia vituko mpaka wakacheka. Mama yake, Mama Capitoline, aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na jioni zote alikula kwa mwanawe. Rénovat ndiye mtoto pekee aliyebaki kwake. Wengine wawili walibaki Kongo, chini ya udongo.

Kamera ambayo Apolline aliianzia kazi ilikuwa ndogo kabisa, nyembamba, sawa na kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Alipewa na kaka yake kabla ya vita kuwafukuza. Walipokimbia, aliifunga kwenye pindo la kitenge kiunoni, na askari waliopekua mizigo yao njiani hawakuigundua. Ukibonyeza kitufe, lenzi ilijitokeza ikinguruma kidogo kama nyuki, na ukiizima ilijirudisha ndani. Haikuhitaji begi wala ujuzi mwingi. Na watu hawakuiogopa. Apolline aliweza kukaa na wewe anakuuliza habari za watoto, mkono wake ukiwa mapajani, na kabla hujajua, amekwisha kukupiga picha ukicheka kwa meno yote.

Kwa kamera hiyo alipiga picha za vitambulisho, za ubatizo, na zile nyingine ambazo kambini tunazijua vizuri, za familia zinazoitwa kwenda Kanada au Australia. Siku chache kabla ya kuondoka wanakuja na majirani wanaobaki, wanapangana mbele ya shuka, na hakuna anayejua aangalie wapi.

Lakini kamera ile ilikuwa na udhaifu wake. Ndani ya kanisa, mwanga ukiwa hafifu, picha zilitoka na chengachenga kama zimenyunyiziwa mchanga. Bibi harusi akitembea, alitoka kama moshi. Ukiwasha taa yake, waliokaa mbele waling'aa kama wamepakwa unga, na wa nyuma walimezwa na giza. Watu walivumilia. Kisha akatokea kijana mmoja pale Base Camp, makao makuu ya kambi, mwenye kamera kubwa, picha zake nyuso ziko wazi na kila kitu cha nyuma kimelainika kama ukungu. Harusi zote zikahamia kwake.

Rénovat ndiye aliyeanza kusema.

"Mama Chantal," alimwambia mkewe siku moja, Chantal akiwa binti yao mkubwa, "hii kazi unaijua kupita ule kijana. Kitu unakosa ni mashine tu. Tuuze mahindi, tuuze na mbuzi, twende Mbarara."

"Na tukila nini?"

"Tutakula maharage. Maharage haijaisha."

Walikula maharage misimu miwili. Kisha mwezi wa tatu wakaenda mjini Mbarara.

Duka waliloingia lilikuwa la mtu anayeitwa Kabera, Mnyankore wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliuza kamera mpya na zilizotumika, na kutengeneza zile zilizoharibika. Apolline alinisimulia siku hiyo mara nyingi, kwa sababu ilikuwa siku nzuri. Kabera alimwomba ile ndogo, akaiweka juu ya meza ya kioo, na kando yake akaweka kamera nyeusi yenye lenzi inayofunguka.

"Nyabo, hii yako iko muzuri," Kabera alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Naingia mufuko, haina shida. Lakini jicho yake ya ndani ni kidogo, kama kucha. Hii ingine jicho ni kubwa. Mwanga naingia mingi. Hata mahali ya giza, yeye naona."

Akaenda kwenye pembe ya duka palipojaa giza, ambapo palikuwa na rundo la betri kuukuu, akapiga picha moja kwa kila kamera. Kwenye ile ndogo, betri zilikuwa donge jeusi lenye punje. Kwenye ile nyeusi, Apolline alisoma hata maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni mwa betri.

Kabera akawaeleza kwamba kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani kinachopanda na kushuka kila unapopiga. Hii haina kioo hicho, ndiyo maana ni nyepesi kidogo, na unachokiona kwenye skrini kabla ya kubonyeza ndicho utakachokipata. Ilikuwa ya daraja la chini katika jamii yake, ya mtu anayeanza. Hakuwaficha kasoro zake. Inakula betri haraka. Ukibadilisha lenzi penye vumbi, vumbi linaingia hadi kwenye lile jicho.

"Na batu bataiogopa," Apolline alisema. "Hii haifichike. Wakiiona tu, watakauka kama mbao."

"Bataizoea," Rénovat akajibu. "Hata mimi nilikuogopaka mwanzo."

Kabera akacheka. Wakarudi Nakivale na zote mbili.

Kesho yake asubuhi Apolline alitaka kuzijaribu mwenyewe, moja dhidi ya nyingine. Alimkalisha Rénovat kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Akampiga kwa kamera mpya, kwa mwanga wa mlangoni bila taa. Kisha akampiga kwa ile ndogo, taa ikiwaka. Rénovat alikuwa amevaa shati lake la kanisani, la rangi ya krimu. Nilikuwa nimesimama mlangoni naona yote.

Apolline aliikuza ile picha ya kamera mpya kwenye skrini yake. Aliona kila unywele wa kidevu. Aliona uzi uliochomoka kwenye kola. Kisha akafika kwenye macho, na macho yalikuwa ya manjano. Si sana. Kama karatasi ya daftari iliyokaa juani.

Akaangalia ile ndogo. Macho meupe, yenye kidoa chekundu katikati kilicholetwa na taa.

"Hii mpya inapaka rangi," akasema huku anacheka. "Mama Marthe, njo ukae hapa."

Nikakaa. Macho yangu yakatoka meupe. Akamwita Chantal, msichana wa miaka kumi na tisa. Meupe. Akamwita tena Rénovat. Manjano. Akabadilisha mipangilio, ile ya jua, ile ya mawingu, ile ya taa ya ndani. Shati lilibadilika, likawa la buluu, likawa la chungwa, likarudi krimu. Macho hayakukubali. Kila aliporudisha shati kwenye rangi yake, macho yalirudi manjano pamoja nalo.

Hakumwambia mumewe kitu. Mimi aliniambia kamera ina kasoro, lazima airudishe kabla Kabera hajamkana. Siku ya tatu akapanda gari la alfajiri peke yake.

Mtu anaweza kuuliza, kwani hakuyaona macho ya mumewe kwa macho yake mwenyewe? Nami nilijiuliza hivyo. Mimi nilimwona Rénovat kila siku na sikuona. Alitoka shambani jua likizama, amevaa kofia. Nyumba zetu zina madirisha madogo. Na mtu unayemwona kila siku anabadilika polepole, nawe unabadilika kumwona hivyo hivyo.

Kabera aliichukua kamera, akaiweka chini ya taa ya duka, akatoa karatasi nyeupe, akaipiga picha. Ikatoka nyeupe. Akapiga mkono wake. Akapiga ukuta. Kisha akazifungua picha za Rénovat, akaikuza ile ya kwanza, akavaa miwani yake, akaiangalia kwa muda mrefu kupita kawaida.

"Huyu ni nani?"

"Ni bwana yangu. Unamujua, tulikuja naye."

"Nyabo," Kabera akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kamera iko sawa. Huyu muntu iko mugonjwa. Mimi naambia wewe kweli, peleka yeye hospitali leo."

Apolline akamwomba ajaribu kwa kamera nyingine. Kabera akamwuliza, ajaribu vipi, na mtu mwenyewe hayupo? Apolline akajibu kwamba ajaribu tu. Kabera hakubisha. Alitoa kamera nyingine kabatini, akapiga ile karatasi tena, akamwonyesha. Nyeupe. Apolline akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya duka, na watu wa Mbarara wakampita wakiwa na mifuko yao.

Aliporudi alimkuta Rénovat anachambua mbegu. Akamwambia yote.

"Ni maralia," Rénovat alisema. "Na uchovu wa shamba."

"Maralia haitie macho manjano miezi."

"Nani alisema ni miezi?"

Rénovat akaendelea kuchambua, kisha mkono wake ukasimama. Akasema kwamba tangu Noeli mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Kwamba ngozi ilimwasha usiku. Kwamba mkanda ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Alidhani itapita, na walikuwa wanatafuta kamera, hakutaka kuleta habari ya ugonjwa katikati.

Kituo cha afya cha kambini hawakukaa naye hata siku moja. Wakampa karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Huko wakamlaza, wakampima wiki nzima, na daktari mmoja mwanamke, bado kijana, akamwita Apolline pembeni. Kulikuwa na uvimbe kwenye kongosho, umeziba njia ya nyongo, na ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini. Hawakuweza kukata. Wangeweza kupunguza maumivu.

"Na kama ningemuleta mwaka uliopita?" Apolline aliuliza.

Daktari alimjibu kwamba ugonjwa huu unajificha sana. Labda ingesaidia, labda isingesaidia. Alisema hivyo kwa huruma. Apolline alibeba ile labda ya kwanza, ile ya pili akaiacha palepale kwenye korido.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na nisingependa kuingia.

Mama Capitoline magoti yake yalikuwa yamevimba, na alibaki na wajukuu wadogo wawili na shamba la maharage lililokaribia kuvunwa. Alitaka kwenda Mbarara tangu siku ya kwanza. Rénovat akakataa. Alimwambia mkewe kwamba mama amezika watoto wawili, asimletee habari ya huyu wa tatu mpaka ijulikane mwisho wake.

"Mupige foto, umutumie," akasema. "Na kale kadogo. Washa taa yake."

Apolline aliielewa vizuri maana ya maneno hayo. Kuliko mtu yeyote, alijua kamera ile inaona nini na haioni nini. Akamvalisha Rénovat shati jekundu, akamvuta shuka mpaka kifuani ili mifupa ya bega isionekane, akasogea karibu, akawasha taa. Rénovat akafanya kituko chake cha zamani, kile cha kupanua pua alichowafanyia watoto, kisha akacheka mwenyewe. Picha ikatoka na mtu mwenye macho meupe anayecheka.

Kwa Kabera haikuwa mbali. Alimhamishia picha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye simu yake, bila kuuliza, na Apolline akanitumia mimi, kwa sababu Mama Capitoline hana simu. Nami nikalifunga duka nikampelekea.

"Ameshiba," Mama Capitoline alisema, akiishika simu yangu kwa mikono miwili. "Uso umejaa."

Nikakubali. Uso ulikuwa umejaa kwa ajili ya ule mwanga. Mimi sikujua, lakini sikuuliza pia.

Picha za namna hiyo zilikuja tano katika majuma matatu. Kila ilipokuja, mama yule aliahirisha safari. Akasema amalize kwanza maharage. Akasema atamchukulia mwanawe unga wa muhogo mpya. Akaanza kuvuna akiimba, na wanawake wa jirani wakamsaidia, na sisi sote tukawa tunaambiana kwamba Rénovat anapona.

Jumatatu ya juma la nne Rénovat aliamka akiwa na nguvu kidogo. Apolline alimnawisha uso. Rénovat akamwambia:

"Sasa leta ile kubwa."

"Ya nini?"

"Unipige vile niko. Bila taa. Umupelekee mama akuje."

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Apolline hakuwa ameigusa kamera ile tangu arudi nayo kutoka kwa Kabera. Aliichukia. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na wazo la kipumbavu, kwamba kama wasingeinunua, ugonjwa usingekuja. Lakini aliitoa kwenye begi, akarekebisha, akangoja mwanga utulie, na akampiga mumewe picha moja. Hakuitazama. Akaenda kwa Kabera.

Kabera akaihamisha. Picha ikatokea kwenye simu ya Apolline, na hapo akaiona. Alikuwa akimuuguza mtu yule majuma manne, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko, na bado picha ile ilimpiga kifuani. Akafungua jina langu kwenye simu. Akaweka kidole. Akamfikiria mama mkwe wake na magoti yale, peke yake na watoto wadogo, akiipokea. Kabera aligeuka akaanza kupanga vitu kabatini ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Apolline akasema moyoni, kesho. Atatuma kesho, kwanza anipigie simu mimi nimwandae mama. Badala yake akanitumia moja ya zile za zamani za kucheka, ambayo nilikuwa sijaiona. Akarudi hospitalini.

"Umetuma?" Rénovat aliuliza.

"Nimetuma."

"Anakuja siku gani?"

"Anatafuta gari."

Jumanne Rénovat hakuongea sana. Jumatano asubuhi, kama saa nne, mgonjwa wa kitanda cha jirani akiwa anakunywa uji, Rénovat aliacha kupumua. Apolline alikuwa ameshika bakuli.

Tulimzika hapa Nakivale, Alhamisi. Mchungaji alisema maneno mazuri. Mama Capitoline hakulia mbele ya watu. Alisimama kando ya kaburi na mfuko mdogo mkononi, na ndani yake mlikuwa na unga wa muhogo aliokuwa amemsagia.

Baada ya juma moja alikuja dukani kwangu, akaomba simu. Akatazama picha zote sita, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hii ya mwisho ulinionyesha siku gani?"

"Jumatatu, Mama."

"Jumatatu alikuwa anacheka. Jumatano alikufa." Akairudisha simu juu ya vitenge. "Kifo gani hicho, Mama Marthe? Mutu mwenye kucheka, mwenye macho mazuri? Mutoto yangu bamemupatia kitu."

Nilijaribu kumtuliza. Lakini neno lilikwisha toka, na hapa neno la sumu halilali njiani. Baada ya siku tatu wanawake waliokuwa wakipiga foto kwa Apolline walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mmoja akasema Apolline alikuwa na mwanamume Mbarara, mwenye duka la kamera, kwani si kila mara alikuwa anaenda huko? Mwingine akasema mke aliyekuwa na kamera mbili alikuwa anatafuta nini zaidi. Chantal alirudi kutoka bombani na ndoo tupu na uso umevimba kwa kulia.

Apolline hakujitetea. Alikaa nyuma ya ukuta wa mabati na sikusikia chochote. Nikaenda kwake.

"Sema kitu," nikamwambia. "Wanakuua."

"Nikisema, nitamuambia mama yote."

"Yote nini?"

Ndipo aliponiambia mimi, kwanza, habari ya picha ya Jumatatu ambayo hakuituma. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikifunga duka kwa haraka, kila mara, kupeleka habari njema.

Jumapili baada ya ibada alimwendea Mama Capitoline nyumbani kwake, nami nikamsindikiza kwa sababu aliniomba. Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka. Hakutukaribisha. Apolline akapiga magoti mbele yake, akaiwasha kamera kubwa, akamkabidhi.

Mama Capitoline aliinua skrini karibu na uso. Jua lilikuwa kali, akajifunika kichwa kwa kitenge na kamera ikiwa ndani, kama mtu anayejifukiza dawa. Alikaa humo muda mrefu. Tulisikia pumzi yake. Alipotoka, hakumwangalia Apolline, aliniangalia mimi.

"Huyu ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Hakukulaka?"

"Hakuweza, Mama," Apolline akasema. "Kila kitu kilirudi."

"Na hizi zingine?"

"Tulikuficha. Yeye alisema tukufiche, usiumie. Nilijua namna ya kuipiga isionekane. Lakini hii ya mwisho, yeye mwenyewe aliomba. Alisema nikutumie ukuje. Nilikuwa nayo kwa simu. Sikutuma. Nikamudanganya kama nimetuma. Alingoja siku mbili, anauliza unakuja siku gani."

Kuku alipita kati yetu. Mama Capitoline aliiweka kamera chini, taratibu, juu ya mkeka, akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika Apolline bega, kisha mkono ukarudi. Akainuka kwa taabu, akiegemea mlango, akaingia ndani. Akafunga.

Apolline alibaki amepiga magoti mpaka nilipomwinua.

Jumapili iliyofuata, wanawake wakiwa bado uwanjani mwa kanisa, Mama Capitoline alisimama mbele yao. Alisema kwamba mwanawe aliuawa na ugonjwa wa tumbo, kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba anayetaka kusema sumu aje amwambie yeye usoni. Kisha akafunga kitenge chake akaondoka. Habari ya sumu ikafa hapo. Wateja walirudi mmoja mmoja. Hawajui lile jingine, la picha isiyotumwa, na mama yule hajawahi kulitaja kwa mtu.

Lakini haendi kula kwa Apolline tena. Wajukuu wanampelekea chakula, anapokea, anarudisha sahani zimeoshwa. Apolline anafanya harusi na ile kamera kubwa, na kazi yake sasa inasifiwa mpaka Rugaaga. Watu wamezoea, kama Rénovat alivyosema. Ile ndogo ameniachia mimi, iko kwenye sanduku langu chini ya vitenge vya Kiholanzi, na hajaniuliza habari zake.

Tangu mwezi wa tisa Mama Capitoline ameanza kumtuma Chantal na maswali. Swali moja kwa juma. Alilala ubavu gani? Dirisha lilitazama nini? Nani alimnyoa? Chantal anasimama mlangoni pa studio, anasema swali, mama yake anaacha kazi anajibu, anajibu kwa kirefu, hata kama wateja wamepanga foleni, na binti anarudi na jibu.

Juma lililopita swali lilikuwa, je, Jumatatu, alipoambiwa mama anatafuta gari, aliamini?

Apolline hakumpa Chantal jibu hilo. Alivua aproni yake, akaniomba nimwangalizie mlango, akaenda mwenyewe. Kutoka dukani kwangu naiona nyumba ile, ingawa sauti hainifikii. Mama Capitoline alikuwa amekaa nje anapepeta maharage. Hakumpa kiti. Apolline alizungumza amesimama, mikono nyuma, na mama akaendelea kupepeta, na ungo haukusimama hata mara moja. Kisha ukasimama.

Aliporudi, bwana harusi na bibi harusi walikuwa wanamngoja kwenye benchi. Aliwaomba msamaha kwa kuchelewa, akanawa uso kwenye ndoo, akawaambia wasogee karibu zaidi mmoja na mwenzake.